Paka na Vitoto Vyake

Hapa Itetemia twafuga paka kwa ajili ya panya wa ghalani, na watoto wetu humfanya mwenzi. Lakini azaapo, wako wanaovitia vitoto guniani wakavitupa chini ya miembe. Vikisalimika huwa paka shume, wezi wa vifaranga. Hadithi yatuambia mwanamke aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na kutupa je? Paka huchukua mimba siku 65 hivi, tena aweza kushika nyingine angali akinyonyesha. Wanazuoni wamehitilafiana katika kuhasi wanyama. Sisi twawafuata walioruhusu penye haja. Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi, kwa daktari wa mifugo mwenye dawa ya usingizi, si kwa wembe wa jirani. Panya watawindwa vile vile.