Mpige picha mwewe kabla ya kumpiga jiwe

Anayetoka Bujumbura na mzigo wa kupeleka Uvira hupita Kajaga, kwenye barabara ya Gatumba, Ziwa Tanganyika likiwa kushoto kwake. Mbele kidogo Mto Rusizi unaingia ziwani, na eneo hilo la mdomo wa mto ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Penye samaki, panya na vifaranga, ndege wawindaji hawakosekani. Mwenye tenga la kuku huwatazama kwa jicho baya, na siku hizi huwapiga picha kwa simu.

Picha ikifika kwenye kundi la WhatsApp, ubishi unaanza. Huyu anasema tai, yule anasema mwewe, wa Uvira ana jina lake na wa Kigoma ana lake. Kiswahili chenyewe kinachangia: wapo wanaomwita tai ndege anayewinda, na wapo wanaomwita hivyo hivyo tumbusi, mla mizoga. Ungekuwa mzaha tu, kama usingeishia kwenye jiwe au nyama iliyotiwa sumu. Na sumu haiulizi jina. Inamuua mwewe, tumbusi na mbwa wa jirani.

Hasara ya mfugaji ni ya kweli, hilo lisibishwe. Mwewe hunyakua vifaranga mchana kweupe. Lakini uzito wake kwa kawaida haufiki kilo moja, kwa hiyo anayedai kaondoka na jogoo mzima angani atafute mwizi mwingine, pengine mwenye miguu miwili na mfuko. Furukombe, yule mwenye kichwa cheupe anayelia kando ya ziwa, chakula chake kikubwa ni samaki. Yuko pia tumbusi mweupe mwenye mabawa meusi, anayependa matunda ya mchikichi, yale yale yanayokamuliwa mawese. Kwa mbali watu humdhania furukombe. Kumuua huyo kwa kosa la kuku ni sawa na kumfunga muuza mboga kwa wizi wa ng'ombe.

Picha inaweza kuamua kesi hizi, ila si picha yoyote. Ndege aliyepigwa jua likiwa nyuma yake hutoka mweusi tii, na hapo kila mtu anaona anachotaka. Ukubwa nao hudanganya, maana angani hakuna cha kumlinganisha naye. Kinachosema kweli ni umbo. Mkia wa mwewe una panda, na akiruka huupindapinda kama usukani. Mkia wa furukombe ni mfupi na mabawa yake ni mapana. Mdomo wa manjano humtambulisha mwewe wa Afrika akiwa mkubwa, lakini kinda lake lina mdomo mweusi, kama walivyo mwewe wanaokuja kutoka Ulaya na Asia kukwepa baridi. Furukombe mchanga ndiye anayewashinda wengi: ana rangi ya kahawia yenye mabakamabaka, na huchukua miaka kadhaa kupata weupe wake. Ndiyo maana picha tatu au nne, moja ikionyesha mkia na nyingine mabawa kwa chini, zina thamani kuliko moja iliyovutwa hadi ikawa ukungu. Mahali na tarehe viandikwe pia.

Haya si mambo ya watalii peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Ecology & Evolution uliangalia aina 42 za ndege wawindaji na wala mizoga wa savana za Afrika, ukakuta asilimia 88 zimepungua. Anayepita njia ile ile kila wiki, mpaka ukiwa wazi, huona mengi kuliko mtafiti anayekuja mara moja kwa mwaka.

Kuna na upande wa mfuko. Burundi, Kongo na Tanzania zote zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tai, mwewe, kipanga na tumbusi wa Afrika wote wamo katika orodha zake. Hapa jina kamili halimwokoi mtu. Awe mwewe au furukombe, hai au mkavu, kumvusha Gatumba bila kibali ni kosa. Mchuuzi anayepewa kikapu kilichofunikwa na kuambiwa "ni kuku wa porini tu" akifunue kwanza. Mdomo uliopinda kama ndoano na kucha ndefu vinatosha kumwambia akirudishe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni yake ya Kiswahili, makao yake Zanzibar. Kazi ya kupatanisha majina ya ndege hawa inaiangukia, kwa sababu sheria inayomtaja tumbusi haina maana kwa msomaji anayemjua kama tai. Orodha hiyo ikipatikana ibandikwe ukutani Gatumba, na ng'ambo yake Kavimvira, ikiwa na picha na majina ya pande zote mbili. Bango moja linatosha. Mwewe awekwe wa kwanza, mkia wake ukionekana vizuri.