Maji Tunywayo Yatoka Wapi?

Atokaye Mombasa kwenda Nairobi huiacha minazi pwani, akapita nyika ya mibuyu na migunga hata akafika Emali. Huko mvua ni haba, na mkulima hutegemea vuli kuliko masika. Lakini karibu yake ipo milima ya Chyulu. Upepo wa baharini ukiipanda hupoa, ukaacha ukungu na mvua, na msitu ukastawi kileleni. Maji hayo hupenya mawe ya volkano, yakaibuka katika chemchemi za Mzima, Tsavo, kisha yakaletwa Mombasa kwa bomba. Basi tukinunua mkaa wa miti iliyokatwa Chyulu, tujue kuwa twaikausha mitungi yetu wenyewe.