Platini Isitupwe

Wenzangu wa uhandisi, tusikimbilie kuicheka platini. Likizo iliyopita, kule Matai, nilimshawishi mjomba aifungie Land Rover 109 yake mfumo wa elektroniki. Kweli, asubuhi gari likawa linawaka mara moja (na baridi ya Ufipa si mchezo, jamani). Kisha moduli ikaungua tukimleta mgonjwa kutoka Kasesya. Platini ningeipiga msasa, nikaseti uwazi wa milimita 0.4, tukaondoka. Moduli haipigwi msasa. Mgonjwa akamalizia safari kwa bodaboda.

Bado naunga mkono elektroniki, maana haina ncha za kuungua wala kusagika. Ila platini na kondensa ya zamani vibaki kwenye boksi la spana. Vya mjomba vilishauzwa chuma chakavu, kwa ushauri wangu.