Boti ya mashabiki bila mtungi wa moto isiondoke

Mashujaa ikiwa na mechi kubwa pale Lake Tanganyika, Kigoma, kuna mashabiki wanaokuja uwanjani kwa bodaboda na kuna wanaokuja kwa boti. Wa Mwamgongo na Kagunga wanashukia Kibirizi, bendera juu, ngoma mbele, sauti zimekauka hata kabla ya mpira kuanza. Julai 25, 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga kwenye fainali ya Kombe la FA, mji ulifurika hadi pa kukanyaga hapakuwepo.

Suala la jaketi okozi limeanza kueleweka. TASAC wanakagua, abiria wanauliza, japo wapo wanaoligeuza mto wa kukalia. Lakini moto je? Ukimuuliza nahodha mtungi wa kuzimia moto uko wapi, boti nzima itakucheka. Maji yote haya, we unaogopa moto?

Hilo ni bao la kujifunga. Boti ni ya mbao na mashine inakula petroli. Dumu la akiba linakaa nyuma, na wapo manahodha wanaojaza humo humo safarini, mashine ikiwa bado ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai, unashuka na kutulia chini ya mbao za kukanyagia, kule kwenye maji ya ngama. Shabiki mmoja akiwasha sigara kusherehekea ushindi, kazi imekwisha. Na ukimwagia maji petroli inayowaka, inaelea juu yake na kumfuata jirani yako na moto wake.

Aprili 2025, jirani zetu wa Kongo waliyaona. Boti ya mbao iitwayo HB Kongolo ilishika moto kwenye Mto Kongo, karibu na Mbandaka. Maofisa walisema ulianzia kwa mama aliyekuwa akipika ndani ya boti. Waliokufa walizidi 140, wakiwemo walioruka majini bila kujua kuogelea. Maji yalikuwepo pande zote.

Wapenda soka wana kumbukumbu yao wenyewe. Mei 11, 1985, Bradford City wakicheza na Lincoln City huko Uingereza, jukwaa la mbao liliwaka. Chini ya mbao kulikuwa na takataka za miaka mingi, na kilichodhaniwa kuwa kipande cha sigara kilipenya kwenye upenyo. Dakika chache tu, jukwaa zima ni moto. Watu 56 walikufa. Mitungi ya moto ilikuwa imeondolewa kwenye njia ya nyuma ya jukwaa kwa kuogopa wahuni wataichezea! Mbao, upenyo, uchafu chini, watu wamebanana: hiyo si picha ya boti ya kurudi Kagunga?

Mtungi unaotakiwa ni wa unga mkavu, na usifichwe nyuma ya dumu, maana moto ukianzia hapo nani ataufuata? Ule mdogo unaisha kwa sekunde chache, kwa hiyo haufai kwa majaribio. Unavuta pini, unalenga chini kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, kisha unafagia kushoto na kulia. Mshale wake usome kijani. Mtikisiko wa mashine huugandisha unga, hivyo upinduliwe mara kwa mara. Zimamoto wanapatikana kwa 114, sawa, lakini gari lao haliogelei.

Utaambiwa mtungi ni ghali. Lakini matawi hayo hayo yanachangishana jezi, ngoma na mabango kiroho safi, na ndiyo yanayokodi boti. Mwenye boti anayejua atakosa kichwa cha tawi zima atanunua mtungi, tena haraka. Mashujaa na chama cha soka cha mkoa nao wanaweza kulisema kwenye matangazo yale yale ya viingilio.

Kwa hiyo mwenyekiti wa tawi, kabla hujamkabidhi nahodha advansi, mwambie akuoneshe mtungi. Ushike, usome mshale. Na majiko, sigara na udumu wa petroli usio na kifuniko vibaki ufukweni.