Namba ya Kosa Imwonyeshe Mtu Njia

Mwenye mashine ya kukamua alizeti huko Mtinko, mkoani Singida, hununua umeme kwa simu, akapokea tarakimu 20 na kuzibonyeza katika mita ya LUKU. Mita ikizikataa, huku wakulima wakingoja na magunia yao, swali lake huwa moja tu: afanye nini sasa? Abonyeze upya, atafute tokeni nyingine, au apande gari kwenda Singida mjini? Jibu hutegemea uamuzi uliofanywa zamani na mtunga programu ambaye huenda hajapata kusikia jina la Mtinko.

Mita ya LUKU ni kompyuta ndogo. Kwa kanuni ya kimataifa ya STS, ambayo mita hizo huifuata, kila tokeni ya umeme hubeba kwa siri hesabu ya dakika ya kutolewa kwake, na mita hukumbuka hesabu za tokeni ilizopokea karibuni. Kanuni hiyo hupambanua sababu za kukataa. Tokeni iliyokwisha kutumika ina jibu lake. Iliyo ya zamani kuliko zote zilizomo katika kumbukumbu ina jibu la pili. Na tarakimu zisizofunguka kwa ufunguo wa mita zina jibu la tatu. La kwanza humwambia mtu atazame salio lake. La pili, kwamba kubonyeza tena ni kazi bure. La tatu, ahakikishe tarakimu zake. Lau kioo kingeonyesha neno moja tu kwa hali zote, maarifa hayo yangepotea bure.

Watunga programu wengi, hasa waandikao programu zilizo karibu kabisa na mtambo, hurudisha -1 kwa kila kosa, wakidai kwamba kumbukumbu ni ndogo. Dai hilo ni hafifu, kwani baiti moja huweza kubeba thamani 256 tofauti. Kinachokosekana si nafasi bali fikira. Kipimo kinachofaa ni hiki: makosa yenye tiba mbalimbali yapewe namba mbalimbali, yenye tiba moja yaweza kushirikiana namba.

Kipimo cha pili ni ukweli: mtambo usiseme zaidi ya unachokijua. Hesabu ya dakika ya STS, iliyoanzia tarehe 1 Januari 1993, ilikuwa ifikie kikomo tarehe 24 Novemba 2024, hivyo mita zilihitaji kubadilishwa ufunguo. Tokeni iliyonunuliwa kabla ya badiliko hilo na kuingizwa baadaye haikuweza kufunguka, sawa na tokeni ya mita ya jirani au yenye tarakimu moja iliyokosewa. Mita haiwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Basi yafaa iseme "haikufunguka", wala isimlaumu mtu kwamba amekosea kubonyeza.

Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, hutoa mfano mwema na mbaya. Namba 2 husema faili halipo. Namba 13, ruhusa haipo. Lakini namba 25, iliyofasiriwa "si taipureta", iliwatokea hata watu waliokuwa wakituma barua kwa kompyuta. Programu iliuliza kwanza kama inaandika kwenye taipureta. Kosa jingine lilipotokea baadaye, ikatoa namba iliyobaki ya swali lile la awali. Namba ilikuwa na maana, ila haikuwa ya kosa lililotokea.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha utungaji wa programu amtake mwanafunzi, kabla ya kuandika mstari wa kwanza, achore jedwali la safu tatu: kosa, kile mtambo unachokijua, na hatua ya mtumiaji. Safu ya tatu ikibaki tupu, namba hiyo haijawa tayari. Aliye Mtinko hatamwona kamwe mtunga programu. Atakiona kioo cha mita tu.