Amplifaya Ikinyamaza



Jumapili moja amplifaya ilinyamaza katikati ya wimbo, nasi tukamkemea kijana mpiga gitaa mbele ya watu. Kumbe kosa halikuwa lake: waya wa gitaa ulikuwa umekatika ndani, karibu na plagi yake. Tukamwomba radhi.

Basi, kabla ya kulaumu, tafuteni kosa kwa taratibu. Kwanza jaribuni waya mwingine, maana ndio uharibikao upesi kwa kukanyagwa na kukunjwa. Sauti ikikwaruza mnapoizidisha na kuipunguza, mara nyingi ni vumbi, nalo kwetu Dodoma wakati wa kiangazi halikosi. Zimeni, mzungushe kitufe chake huku na huku mara nyingi. Tena ifunikeni kwa kitambaa kila baada ya ibada. Ikinguruma, chomoeni gitaa: ngurumo ikikoma, kosa li katika gitaa au waya wake, isipokoma, li katika amplifaya au umeme wa nyumba.

Isipowaka kabisa, ichomoeni ukutani, mtazame fyuzi. Ikiwa imekatika, wekeni ya kipimo kile kile. Msizungushie karatasi ya sigara, kwa kuwa fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Ikikatika tena, mpelekeeni fundi. Msiifungue wenyewe, maana ndani waweza kubaki umeme wa kuua, hata ikiwa imechomolewa.

Heri kuimba kwa makofi Jumapili moja kuliko kumzika mwana.