Namba ya NIDA si ya kujumlisha

MKULIMA wa pamba wa Kishapu na mchimbaji mdogo wa Geita wana kitu kimoja kinachofanana: namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Ikiandikwa na vistari vyake, haina matatizo. Karani akiiandika bila vistari, kisha faili ikafunguliwa kwenye Excel, kompyuta huidhania kuwa hesabu. Programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu za hesabu, hivyo tano za mwisho hugeuka sifuri. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mbele. Tuseme hiyo ndiyo orodha ya malipo iliyotoka chama cha msingi kwenda benki.

Tatizo linaanzia kwenye faili. CSV, inayotenganisha taarifa kwa mkato, haisemi kilichomo ni maneno, hesabu au tarehe. Mpokeaji anakisia. 03/04 ni Aprili 3 au Machi 4? Kilo 1,250 zisipofungwa kwa alama za kunukuu hukatwa, zikawa 1 na 250.

Wala si tatizo la makarani wa vijijini pekee. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kubadili majina ya baadhi ya jeni za binadamu, ikiwamo MARCH1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza tarehe.

Wanaoitetea CSV wana hoja: ni nyepesi na hufunguka karibu kila kompyuta. JSON hutenganisha maneno na hesabu, ingawa tarehe haiitambui. XML ikiambatana na skima hubainisha hata tarehe, lakini inahitaji fundi, na fundi hulipwa.

Hata hivyo, kutaja aina hakutoshi kwenye dhahabu. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, ya kawaida ni 28.35; kwa kompyuta zote ni hesabu halali. Na katika sakata la makinikia la mwaka 2017, kamati ya Profesa Mruma ilipata wastani wa gramu 1,400 kwa tani, wakati taarifa za awali zilionyesha takriban 200. Ule ulikuwa ubishi wa vipimo, ambao faili haiwezi kuuamua.

Kwa maoni yangu, namba za vitambulisho, simu na tarehe zitajwe aina ndani ya faili yenyewe, na kipimo kiandikwe juu ya safu. Vyama vya msingi vikubaliane na benki zao kabla ya msimu wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa Mei.